Ndege na Chuo: Safari ya Watoto Wetu Kwenda Kusoma Marekani

Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima ya Moshi na vijiji vya Kilimanjaro

Ninyi mlioko Rombo, Marangu, Old Moshi, Uru, Kibosho na Machame, na ninyi mlioko mjini na huko tambarare ya Kahe, kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya dunia ukutani. Weka kidole juu ya Moshi. Sasa weka kidole kingine juu ya New York, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kati ya vidole hivyo viwili ndipo lilipo somo letu la leo.

Leo tutazungumza habari za ndege, ile ambayo wazee wetu waliiita eropleni, na habari za vyuo vikuu vya Marekani. Labda mtauliza, mambo hayo mawili yanahusiana nini? Na yanatuhusu nini sisi tunaojifunza kusoma tukiwa watu wazima? Sikilizeni kwa makini. Mwishoni nitawauliza maswali, na swali la mwisho ni gumu. Swali hilo ni hili: mtoto akisomeshwa kwa jasho la wengi, deni lake analilipa kwa nani?

Sehemu ya kwanza: Mafundi wa baiskeli

Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, huko Marekani, waliishi ndugu wawili, Wilbur Wright na Orville Wright. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli. Hawa wawili hawakusoma chuo kikuu. Hata cheti cha shule ya sekondari hawakupata. Katika nyumba yao aliyekwenda chuo kikuu akamaliza ni dada yao, Katharine. Alihitimu mwaka 1898 katika Chuo cha Oberlin, akawa mwalimu wa Kilatini. Chuo hicho cha Oberlin kina sifa yake: kilianza kuwapokea wanafunzi weusi mwaka 1835, na wanawake mwaka 1837, wakati vyuo vingi vilikuwa vimewafungia milango.

Basi ndugu hawa walitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kuruka angani. Walifanya nini? Mwaka 1899 Wilbur aliandika barua kwa taasisi kubwa ya elimu mjini Washington, iitwayo Smithsonian. Aliomba aletewe maandiko yote waliyokuwa nayo juu ya habari za kuruka. Akaletewa. Wakasoma usiku, mchana wakafanya kazi dukani. Kisha walipoona hesabu nyingine za vitabuni hazikubaliani na mambo waliyoyaona kwa macho, hawakuogopa. Walijenga sanduku refu la kupitishia upepo, wakapima wenyewe maumbo mengi ya mabawa, wakaandika hesabu zao mpya.

Mkuu wa taasisi ile ile ya Smithsonian, mtaalamu mashuhuri aitwaye Langley, naye alikuwa akijenga ndege. Serikali ilimpa dola 50,000. Tarehe 8 Desemba 1903 ndege yake ilianguka mtoni mbele ya watu. Siku tisa baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, mafundi wale wa baiskeli walirusha ndege yao pwani ya Kitty Hawk. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12 tu, ikaenda mita zipatazo 37. Huo ni mwendo wa kutoka mlango wa kanisa mpaka barabarani. Siku hiyo hiyo wakajaribu tena na tena, na mara ya nne ikakaa sekunde 59, ikaenda mita 260.

Sisemi kwamba elimu ya chuo haina faida. La. Nasema kwamba ndugu wale walijua kusoma, walijua kuandika barua ya kuomba kitabu, na walijua kupima jambo wenyewe badala ya kuliamini tu. Haya matatu ndiyo mzizi. Na haya matatu hufundishwa hata chini ya mwembe.

Sehemu ya pili: Ndege yafika mlimani

Kwetu huku ndege haikuja na barua wala na wanafunzi. Ilikuja na vita. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani, ndege za Kiingereza zilikaa Mbuyuni, ng'ambo ya Taveta. Ziliruka kupeleleza mahali majeshi ya Wajerumani yalipo. Mwezi wa Machi mwaka ule jeshi la Jenerali Smuts likaingia Moshi.

Vita vilipokwisha, Waingereza walitaka njia ya anga kutoka Cairo mpaka Cape Town. Watu wengi walikodiwa kukata miti, kung'oa visiki na kubomoa vichuguu ili kupata viwanja vya kutua. Mwaka 1920 ndege moja iliyojaribu safari hiyo ilianguka Tabora na safari yake ikaishia pale. Waliosafisha njia ile kwa majembe na mapanga ni Waafrika, lakini waliopanda ndege hawakuwa wao.

Mwezi wa Januari 1930 rubani Mswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kilimanjaro, akapiga picha za Kibo kutoka angani. Fikirini jambo hilo. Kibo ina kimo cha mita 5,895. Mababu zetu waliitazama kutoka chini, wakaizika mizimu yao wakiwa wameielekea, na wachache waliofika barafuni walifika kwa miguu. Sasa mtu aliitazama kutoka juu.

Mwaka 1931 ndege za shirika la Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza. Mwaka 1932 njia hiyo ilifika Cape Town, na Moshi ikawa mojawapo ya vituo vya kutua, baada ya Nairobi na kabla ya Dodoma. Ndege hizo zilibeba barua, maofisa na matajiri. Mkulima wa kahawa aliisikia ikinguruma, akainua macho, kisha akarudi kupalilia.

Mwaka 1946 lilianza shirika la East African Airways, la nchi zetu za Afrika Mashariki. Safari zikaongezeka, lakini hatari haikwisha. Tarehe 18 Mei 1955 ndege moja ya shirika hilo, aina ya Dakota, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mlima wetu huu. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Nawakumbusha jambo hili ili muelewe hofu ya mzazi aliyeambiwa, miaka michache tu baadaye, kwamba mwanawe atapanda ndege kuvuka bahari.

Sehemu ya tatu: Kwa nini wakasome mbali hivyo?

Katika miaka ya 1950, Makerere huko Uganda ndiyo iliyokuwa shule ya juu ya Afrika Mashariki yote. Mwaka 1956 ilifunguliwa nyingine Nairobi. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Vijana wengi walifaulu shule zao, lakini nafasi zilikuwa chache kama viti vya basi siku ya soko.

Wachache walitangulia Marekani. Peter Mbiyu Koinange wa Kenya aliondoka mwaka 1927 kwenda kusoma katika Chuo cha Hampton. Julius Kiano, naye wa Kenya, alisoma vyuo vitatu vya Marekani mpaka akapata udaktari wa elimu mwaka 1956. Na hapa kwetu mlimani, Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu, alisoma Makerere kisha akaenda Chuo cha Bethany katika jimbo la Kansas, chuo cha Walutheri. Mwaka 1960 Wachagga walimchagua kuwa Rais wao, wakati walipoacha utawala wa Mangi Mkuu. Baadaye akawa Waziri wa Elimu wa nchi yetu. Kwa hiyo neno "Kansas" halikuwa geni katika nyumba za Machame.

Kisha akatokea Tom Mboya, kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Alizunguka Marekani akiomba vyuo vitoe nafasi za bure. Vyuo vikakubali. Lakini tatizo likabaki moja: nauli. Mwanafunzi ana barua ya kukubaliwa mkononi, lakini hana namna ya kuvuka bahari. Mboya na rafiki zake Wamarekani wakaamua kukodi ndege nzima. Watu mashuhuri wa Marekani, wote weusi, yaani Jackie Robinson mchezaji, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji, walitia sahihi barua ya kuomba michango kwa wananchi.

Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata safari zikapanuliwa, wakachukuliwa na vijana wa Tanganyika, Uganda, Zanzibar na nchi za kusini yetu. Nauli ilipokosekana, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy mwezi wa Julai 1960, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mpaka mwaka 1963 wanafunzi waliosafiri kwa mpango huo walikaribia 800.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilisema vyuo vingi vya Marekani si vya kiwango cha Kiingereza, na kwamba wengi wa vijana wale hawakustahili. Tusiseme kwamba maneno yale yote yalikuwa ya chuki. Ni kweli vyuo vya Marekani havikuwa sawa, vingine vikubwa na vingine vidogo sana. Lakini wazazi walijibu kwa swali rahisi: kama nafasi za hapa hazitoshi, na za kule tumekatazwa, mtoto aende wapi?

Sehemu ya nne: Maisha ya chuoni

Ndege ilitua New York, lakini safari haikuishia hapo. Wengine walipanda basi siku mbili au zaidi kwenda kwenye vyuo vyao. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai. Naye alikuwa anakwenda Kansas, katika chuo cha masista huko Atchison. Njiani, katika jimbo la Indiana, basi lilisimama, yeye na wenzake wakaingia mkahawani kununua kinywaji. Wakaambiwa watu weusi hawaruhusiwi kukaa mle. Wachukue vinywaji vyao wakanywee nje. Wakakataa, wakarudi kwenye basi na kiu yao.

Ndivyo Marekani ilivyokuwa. Mkono mmoja ulitoa nauli, mkono mwingine ulifunga mlango wa mkahawa. Lakini wenyeji weusi wa nchi ile hawakukaa kimya. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha weusi mjini Greensboro waliketi kwenye meza ya dukani iliyokuwa ya wazungu tu, wakakataa kuondoka mpaka duka lilipofungwa. Kesho yake wakaja wengi zaidi, na jambo hilo likaenea miji mingi. Wanafunzi wetu walifika katikati ya mapambano hayo.

Chuoni kwenyewe mambo mengi yalikuwa mapya. Mwanafunzi hakufundishwa somo moja tu kama huko Uingereza. Mwaka wa kwanza alisoma masomo mengi, kisha akachagua moja la kulizamia. Mwalimu hakukasirika akiulizwa swali, alikasirika asipoulizwa. Na kazi za mikono hazikuwa aibu. Watoto wa matajiri na watoto wa maskini walifua nguo zao wenyewe. Wengi wa wanafunzi wetu waliosha vyombo jikoni, walifagia mabweni na kupanga vitabu maktabani ili wapate fedha za koti. Koti lilihitajika sana. Mtu wa Marangu anaijua baridi, lakini theluji ya Kibo aliizoea kuitazama kwa mbali. Huko aliikanyaga akienda darasani.

Wangari alihitimu mwaka 1964, akapata shahada ya pili Pittsburgh mwaka 1966, akarudi nyumbani. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Wasichana waliokwenda walikuwa wachache kuliko wavulana. Nyumba nyingi zilipokuwa na fedha ya mtoto mmoja, alichaguliwa wa kiume. Hiyo nayo ni historia, tusiifiche.

Sehemu ya tano: Barua

Sasa nitawasimulia habari ya nyumbani kwetu. Kaka mkubwa wa baba yangu alikwenda ng'ambo kusoma katika miaka ile. Bibi aliuza ng'ombe na kahawa ya msimu mzima. Ndugu wa ukoo walichanga, na jirani mmoja alitoa sanduku la bati. Siku ya kuondoka alikunywa chai, akamshika bibi mkono, akaenda.

Kisha barua zikaanza kuja kwa ndege. Bibi hakujua kusoma. Kila barua aliipeleka kwa mwalimu wa shule, na mwalimu aliisoma barazani kwa sauti. Watu walikusanyika. Baba mkubwa alipoandika kwamba alikuwa mgonjwa, kijiji kilijua. Alipoandika kwamba ameshindwa mtihani, kijiji kilijua kabla bibi hajapata nafasi ya kulia peke yake. Na jibu la bibi pia liliandikwa na mkono wa mtu mwingine. Aliniambia, "Mjukuu wangu, kuna maneno mama hawezi kumwambia mwanawe kupitia kinywa cha mwalimu."

Mwaka 1970, ule uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi aliingia darasa la kisomo. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Wengine walimcheka. Baada ya muda ikaja barua nyingine. Safari hii alijifungia chumbani, akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata neno kwa neno. Barua ilisema mwanawe ameoa huko na hatarudi. Bibi aliikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakumwambia mtu mpaka alipokuwa tayari, miezi mitatu baadaye. Kisha akaandika jibu kwa mkono wake mwenyewe. Alichoandika hakutuambia kamwe.

Ndugu zangu, mimi nilipata stashahada yangu ya chuo kikuu bila kupanda ndege. Lakini nikiulizwa nani alikuwa msomi wa kwanza wa nyumba yetu, siwezi kumtaja baba mkubwa bila kumtaja bibi.

Tena sikilizeni jambo hili. Kijana mmoja wa Kenya, Barack Obama, baba wa yule aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 2009 mpaka 2017, alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959. Hakuwamo katika ndege ile ya wanafunzi 81. Kabla ya kuondoka alifanya kazi Nairobi kwa mama mmoja Mmarekani, Elizabeth Mooney, aliyekuwa akiendesha mafunzo ya kisomo cha watu wazima, na mama huyo ndiye aliyemsaidia kusafiri. Obama aliandika vitabu vidogo vya Kijaluo vya kuwafundisha watu wazima kusoma. Basi msidharau darasa lenu.

Mwisho wa somo

Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wasomi walikuwa wachache mno. Chuo kikuu cha kwanza kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam miezi miwili tu kabla, kikianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Waliorudi kutoka ng'ambo walipokelewa kwa kazi nyingi. Wengi walirudi. Wengine hawakurudi.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa hapa Moshi, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu. Mwaka 1971 ulifunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Barua siku hizi hufika kwenye simu kwa dakika moja. Lakini mama asiyejua kusoma bado humpa mtu mwingine simu yake amsomee, na siri yake bado hutoka nje.

Sasa turudi kwenye swali letu la deni. Mimi naona hivi. Ng'ombe wa bibi hawezi kurudishwa. Alikwisha liwa zamani. Deni la elimu hulipwa mbele, kwa yule ambaye bado hajasoma. Aliyesoma na akamfundisha mwingine, hata neno moja, amelipa. Asiyefanya hivyo bado anadaiwa, hata kama anatuma fedha kila mwezi. Huenda ninyi mkaona vingine. Zungumzeni.

Maneno ya kujifunza: rubani, nauli, shahada, bweni, ubaguzi, deni.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Ndugu Wright walipataje elimu yao ya kuruka?
2. Ndege zilifika Kilimanjaro kwanza kwa kazi gani? Baadaye zilifanya kazi gani nyingine?
3. Serikali ya kikoloni ilisema nini juu ya vyuo vya Marekani? Je, mzazi alikuwa na njia nyingine?
4. Kama nyumba yako ingekuwa na nauli ya mtoto mmoja tu, ungemchagua yupi, na kwa nini?
5. Yule mwana aliyebaki ng'ambo, je, alivunja ahadi? Deni lake angelilipa kwa nani?

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike barua fupi ya mistari mitano kwa ndugu aliye mbali. Aiandike kwa mkono wake mwenyewe, na asimwonyeshe mtu akipenda.

Kwaherini, wasikilizaji. Tutakutana katika somo lijalo.